Pikipiki ya Mtengeneza Miwani

Fundi alikuwa amefagia nusu ya sakafu ya gereji pale pikipiki nyekundu ilipokata kona kutoka barabara kuu. Iliwasha indiketa ya kulia mapema, ikampisha mwanamke mwenye ndoo za maji, ikasubiri lori la mchanga lipite, kisha ikaingia uani na kusimama kando ya nguzo, mahali ambapo wateja huambiwa wasimamishe. Ikazima injini. Ikatoa stendi yake ya pembeni. Hapakuwa na mtu juu yake. Fundi aliinama kuangalia kama stendi imekaa vizuri kwenye saruji, akaona imekaa, akafagia nusu iliyobaki.

Ilikuwa ikija hivyo tangu mvua zilipokatika, kila asubuhi isipokuwa siku za mapumziko, maana ilijua gereji hufungwa. Mwanzoni fundi aliisukuma na kuirudisha kwao, mtaa wa pili, na kesho yake ikarudi. Baadaye aliacha kuisukuma. Jioni iliondoka yenyewe. Mama anayeuza chai getini alizoea kuweka kapu la vikombe juu ya siti yake, kwa sababu haikuwa na tabia ya kuondoka ghafla. Askari wa barabarani aliisimamisha mara moja, akazunguka mbele na nyuma akitafuta wa kumwomba leseni, akamkosa, akairuhusu ipite. Alisema inashika upande wake wa barabara kuliko wengi wenye leseni.

Kilichosumbua watu ni kelele tu. Cheni ililia kra-kra-kra kama mtu anayetafuna changarawe, na ililia tangu inapokata kona mpaka inapozima.

Ilikuwa pikipiki kuukuu ya aina ya mashindano, ile ambayo dereva huinama mpaka kidevu kikaribie tangi, iliyotengenezwa wakati fundi mwenyewe angali na nywele kichwani. Mwenye pikipiki alikuwa mtengeneza miwani. Aliitamani tangu ujana wake, akaja kuinunua mvi zikiwa zimeanza, akawa anaiendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Vijana wa barabarani walikuwa wakimpita kwa baiskeli na kumpigia kelele: “Mzee, una simba unamlisha majani!” Naye alikuwa akijibu bila kugeuka, “Simba wangu ana tumbo baya.”

Kisha siku moja, kwenye mteremko wa kiwanda cha nguo, gurudumu la nyuma lilijifunga ghafla, akarushwa, akagonga ukingo wa daraja. Mwenye gereji alifika na gari lake kabla hata hawajamfumba macho, akaibeba pikipiki. Alasiri ileile aliirudisha kwa mjane. Mtu alipomwuliza kilichotokea, alijibu neno moja: mwendo. Neno hilo lilifika mtaani kabla ya jeneza. Pikipiki yenyewe ilivyo, nyekundu, imechongoka mbele kama nyigu, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Fundi hakuwepo siku hiyo. Alikuwa ametumwa upande wa pili wa mji kutazama jenereta ambayo, alipoifikia, ilikuwa nzima.

Mjane alifika kwa miguu, nyuma ya pikipiki, kama ilivyo kawaida. Alikaa kwenye benchi la wateja akavua kiatu kimoja na kukikung'uta mchanga.

“Imefika salama, shemeji,” fundi alisema. “Haijakwaruzika.”

“Leo nilifunga mlango kwa kufuli.”

“Kufuli?”

“Nimelikuta limefunguliwa, limewekwa juu ya stuli, na ufunguo umerudishwa kwenye msumari wake.” Alivaa kiatu. “Ndivyo alivyokuwa. Hata akiniudhi, ananiudhi kwa utaratibu.”

Fundi alicheka kidogo kwa pua. Alikuwa amechoka tangu anaamka. Mkewe alikuwa na mguu usiopona, na usiku kucha walikuwa wakiugeuza wakitafuta upande ambao hauumi. Alimwambia mama chai alete vikombe viwili.

Mwenye gereji alitokea ofisini na kijiti cha meno mdomoni. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikononi. Aliizunguka pikipiki kama mtu anayezunguka dimbwi.

“Bado inakuja tu?”

“Inakuja, bosi.”

“Wateja wananiuliza ni ya nani. Nikisema ni ya marehemu, wananitazama. Hebu fundi, hii kelele ya cheni ndiyo inayoisumbua. Ibadilishie sproketi ya mbele, itulie kwao.” Akamgeukia mjane na kuweka mkono kifuani. “Shemeji, hiyo ni zawadi ya gereji. Bure kabisa.”

“Sikuja kuomba sproketi,” mjane alisema. “Nimekuja kuomba neno.”

“Neno gani tena?”

“Baba mkwe hataki picha ya mwanawe iwekwe sebuleni. Ameitoa ukutani akaifungia kabatini. Anasema mtu aliyejiua kwa mwendo hana picha katika nyumba anayolala yeye. Nataka umwambie mume wangu hakuwa anakimbia.”

“Mimi nilikuwepo?”

“Hukuwepo. Na bado ulisema.”

Mwenye gereji alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. “Shemeji, una maneno wewe,” alisema kwa upole, akaingia stoo. Alirudi na sproketi mpya, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, ndani ya karatasi yake ya mafuta, akaiweka juu ya meza ya kazi. “Washa iko kwenye mkebe,” akamwambia fundi.

Mkebe huo ulikuwa wa maziwa ya unga, na ulikuwa mzee kuliko wafanyakazi wote wa gereji isipokuwa fundi. Ndani yake zilikaa washa kuukuu, zile za bati ambazo hukaa nyuma ya nati ya sproketi ili isijifungue. Washa ya namna hiyo ukishaikunja ukingo wake umeimaliza. Siku ya kufungua hutupwa, inawekwa nyingine. Katika gereji ile haikutupwa. Ilipigwa nyundo ikanyooka, ikarudi mkebeni kungoja mteja mwingine, naye aliambiwa ni mpya. Mwenye gereji alikuwa mkono wa birika, lakini si kwa kila kitu. Sproketi alinunua nzuri. Cheni alinunua nzuri. Kwenye washa tu ndipo moyo wake ulipokataa, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mhunzi na hakuweza kuona bati zima likienda jalalani.

Fundi alishagombana naye juu ya mkebe huo mpaka wote wawili wakachoka. Siku hizi alichagua tu yenye afadhali, akaizungusha, ili kunjo jipya lisiangukie kwenye kunjo la zamani.

Alivuta kistuli, akakaa upande wa kushoto wa pikipiki. Hakuhangaika kufunga bomba la petroli, kwa sababu tangi lilikuwa kavu tangu msibani. Aliweka alama ya rangi nyeupe pale kiungo cha pedeli ya gia kinaposhika, ili akirudishe palepale, akakichomoa. Kisha alifungua bolti za kifuniko cha sproketi, na hapo akasita. Pikipiki nzima ilikuwa na matope makavu ya ule mteremko, lakini bolti hizi zilikuwa safi. Kulikuwa na mtu aliyekwisha kuzifungua baada ya matope.

Alivuta kifuniko. Kwa kawaida nyuma yake hujaa grisi nyeusi iliyoshikana na vumbi, unaikwangua kwa bisibisi kama ukoko wa sufuria. Hapa palikuwa pamefutwa kwa kitambaa. Nati ya sproketi ile huhitaji spana ndefu, mtu wa kukanyaga breki ya nyuma, na sala fupi. Hii aliifungua kwa vidole viwili.

Washa ilitoka na nati. Ukingo wake ulikuwa umekatika palepale penye kunjo, mkato mnyoofu kama wa mkasi. Nusu ya mkato ilikuwa ya kutu na nusu iling'aa, maana yake ilianza kupasuka zamani ikamalizikia njiani. Sproketi ilikuwa imeliwa meno upande mmoja. Shafti ilikuwa na mikwaruzo mpaka nje, kama ukuta ambapo mtu ameteleza akijaribu kushika.

Fundi alikaa na ile washa kiganjani. Siku sproketi hiyo ilipofungwa pia hakuwepo; alikuwa hospitali na mke wake. Alijua basi ni mikono ya nani, kwa kuwa gereji ilikuwa na mafundi wawili tu, yeye na mwenye gereji, na mwenye gereji hukunja pale kunjo lilipo. Husema bati limeshajua njia.

Angeweza kurudisha kila kitu na kunyamaza. Hakuna gereji inayoajiri mtu wa umri wake, mwenye magoti yanayolia kuliko ile cheni, na mguu wa mke wake haukuwa na mwingine wa kuutegemea. Aliwaza hayo yote kwa zamu, pasipo haraka. Kisha akaweka spana chini.

“Shemeji,” alisema, “nenda ukamlete mzee, baba mkwe wako.”

Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

Mzee alikuja amevaa koti, fimbo mkononi. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, na jambo aliloliweka mbele ya yote maishani ni kwamba hakuwahi kugonga hata kuku. Alikataa benchi. Alisimama.

“Nimeitwa,” alisema.

“Umeitwa, baba. Samahani kwa kukutembeza. Nilitaka uone kitu.” Fundi alimwekea washa kiganjani. “Hii hukaa nyuma ya nati. Ukishakaza nati, unaukunja ukingo wa washa uegemee ubapa wa nati, isije ikajifungua yenyewe. Bati jipya likikunjwa linakaa. Ukilinyoosha kwa nyundo ukalikunja tena mahali palepale, halina nguvu tena. Hili lilikatika. Nati ikajifungua kidogo kidogo, sproketi ikatoka kwenye shafti, cheni ikajikunja humu ndani, gurudumu la nyuma likafunga. Angekuwa anakwenda kwa mwendo huo wako wa fimbo, baba, bado angeanguka.”

Mzee aligeuza kile kibati. “Nani aliifunga?”

Fundi alitazama mlango wa ofisi, na mwenye gereji alikuwa amesimama hapo.

“Imefungwa hapa,” mwenye gereji alisema, wala hakuinua sauti. “Vitu vingi vimefungwa hapa, mzee wangu. Nusu ya mji inatembea na washa zangu. Mbona haijafa?”

“Baba, tazama na hapa,” mjane alisema. Alikuwa ameinuka. Alimshika mkono mzee akamsogeza mbele, penye kioo cha kipima mwendo. Kioo kilikuwa na ufa, na mshale ulikuwa umeganda tangu siku ile ya daraja. Ulikuwa umeganda chini sana, karibu na mwanzo, pale ambapo mshale wa pikipiki ya namna ile huwa ndiyo kwanza unaamka. “Huu ndio mwendo aliokuwa nao. Umekaa hapa siku zote. Kila mtu amepita hapa na hakuna aliyeinama kutazama.”

“Mishale huganda popote,” mwenye gereji alisema.

Pikipiki iliwasha indiketa ya kulia. Ilifanya hivyo mara nyingi inapotaka kupita, na hakuna aliyekuwa ameiziba njia, kwa hiyo hawakujua inataka nini.

“Mzee,” mwenye gereji aliendelea, akitoa kijiti mdomoni kwa heshima, “wewe ni dereva, tena dereva wa kweli. Mimi nitakuuliza swali moja tu, ukinijibu yamekwisha. Itazame hiyo pikipiki. Imetengenezwa iende polepole?”

Mzee aliitazama kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Aliitazama ile ncha yake, ile siti iliyoinuka nyuma, ile rangi. Katika maisha yake yote alikuwa amewasikia madereva walioua watu wakilaumu breki, wakilaumu tairi, wakilaumu mvua, na hakuwahi kumwamini hata mmoja.

“Hapana,” alisema.

“Basi.”

“Na kibati hiki?” Mzee alikishika kati ya vidole, akakisogeza karibu na jicho. “Mwanangu alikuwa mtu mzima, ana kilo zake, ana akili zake. Anauawa na kibati hiki?” Alimrudishia fundi. “Fundi, nakushukuru. Unataka kunipaka mafuta moyoni. Lakini mimi nimeendesha.”

Indiketa ilizimika.

Mjane alirudi kwenye benchi. Alikishika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa kwa mikono miwili kana kwamba bado ni ya moto.

Fundi alimtazama mwenye gereji akingoja kuambiwa akusanye vyombo vyake. Alikuwa amejiandaa, alishahesabu kichwani kilicho chake, koti, tindo, na redio. Mwenye gereji alitazama saa.

“Maliza hiyo, fundi. Kuna nyingine zinasubiri.”

Hakumfukuza. Kwa namna fulani ingekuwa nafuu kama angemfukuza.

Akamaliza. Alilegeza ekseli ya nyuma ili cheni ipate nafasi, akatoa sproketi iliyoliwa, akasafisha shafti kwa mswaki na mafuta ya taa, akapapasa sili ya mafuta kwa kidole akaona haivuji. Akaingiza sproketi mpya, maandishi yakitazama nje. Mkebe hakuugusa. Mfukoni mwa koti lake alikuwa na washa moja mpya, ingali ndani ya karatasi, aliyoinunua miaka mingi nyuma kwa ajili ya pikipiki aliyokusudia kuinunua siku moja. Aliifungua hiyo. Alimwomba mjane akanyage breki ya nyuma, naye alikuja akaikanyaga, na fundi akakaza nati kwa spana ndefu mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. Akaweka tindo, akagonga mara chache, ukingo ukaegemea nati bila ufa. Akarudisha kifuniko, akakilinganisha kiungo cha gia na ile alama nyeupe, akaivuta ekseli mpaka cheni ikacheza upana wa vidole viwili, akazungusha gurudumu kwa mkono. Halikulia. Lilizunguka kimya mpaka likasimama lenyewe.

“Imekuwa kama alivyoipenda,” mjane alisema.

Alipanda. Hakuwa amewahi kuendesha, lakini hilo halikuwa tatizo. Pikipiki ilijiwasha, ikapandisha stendi, ikatoka uani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mzee alifuata nyuma na fimbo yake, na hakuhitaji kuongeza hatua. Getini pikipiki iliwasha indiketa ya kushoto, ikampisha mwuza mkaa, ikampisha na mbwa.

“Afadhali,” mzee alimwambia mama chai alipompita. “Sasa imepata adabu.”

Mjane alisikia. Alitazama mbele, mikono yake magotini.

Nyuma yao, mwenye gereji aliiokota ile washa iliyokatika juu ya meza ya kazi. Aliigeuza, akaona upande wa pili wa ukingo bado mzima. Akailaza juu ya fuawe, akaipiga nyundo ikanyooka, akaitupia mkebeni.

Pikipiki nyekundu haikuja tena. Mjane alikuja mara moja peke yake, kumletea fundi miwani aliyoikuta imekamilika katika meza ya marehemu, na ikamfaa vizuri ingawa hakuna aliyempima macho. Alisema pikipiki inakaa ukumbini, haina kelele, inafunikwa shuka. Ila kila asubuhi picha ya mume wake anaikuta imetoka kabatini, imewekwa juu ya siti, imeegemezwa kwenye tangi, na kioo chake kimefutwa. Na kila asubuhi mzee akitoka kunawa huichukua, huirudisha kabatini, hugeuza ufunguo, na kuketi kwenye kiti chake. Hamwulizi mtu nani ameitoa.

“Hawachoki?” fundi aliuliza.

“Nani kati yao?” alisema mjane.

Gereji iliendelea na kazi. Badiliko lilikuwa moja tu. Tangu pale, pikipiki zikifika getini zilikaza breki zenyewe. Haikujalisha mwenyewe ni nani au ameipanda vipi. Kila moja ikigusa kivuli cha kibao cha gereji ilijifunga magurudumu yote mawili, ikawasha indiketa, ikatetemeka. Wateja walishuka wakazipiga teke, wakazitukana, wengine wakazibembeleza. Mmoja alisema labda ni vumbi kwenye breki. Fundi, kwa miwani yake mipya, alimwambia si vumbi. Mteja akasema basi ni nini, na fundi akamwonyesha mkebe, akamweleza kila kitu, kama alivyomweleza mzee. Mteja alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama itakuwa tayari kabla ya saa sita, maana ana haraka.

Mwenye gereji hakutaka wateja wahangaike. Aliajiri wabeba mizigo wawili wenye vifua vipana, wasimame getini na kuzisukuma ndani, na akamwita mchoraji aongeze mstari mmoja chini ya kibao, kwa rangi nyekundu: TUNASUKUMA BURE.

Wateja walifurahi sana kwa huduma hiyo.